Ndoo ya Maji Baridi

Mambo yalimharibikia Cyriaque Jumamosi ya mwisho ya Agosti, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu walipokwisha kuweka majembe chini na barabara kufunguliwa.

Abiria wake wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Muhima, mwenye gunia la viazi na mdomo usiochoka. Mlima wote wa kwenda Kacyiru alimsimulia harusi ya bintiye, na Cyriaque akapanda kwa gia ndogo, polepole, ili hadithi isiishe upesi. Tangu amzike mkewe Flaviana, sauti za abiria mgongoni ndizo zilizokuwa mazungumzo yake. Akirudi kwake Niboye, hata ukuta haumwitikii. Pikipiki ikinguruma, ana watu, ikizimika, hana.

Walifika Kacyiru injini ikichoma kama jiko la mkaa. Hapo kijiweni alisimama Mutsinzi, msimamizi wa chama chao cha motari, waendesha pikipiki za abiria ambazo wenyewe huziita moto, viatu vinang'aa kana kwamba umuganda haukumhusu.

"Muzee Cyriaque, hiyo moto iko na matope kama ng'ombe! Mbele ya maofisi haisimami. Osha, ama toka."

"Injini iko na joto sana, chef. Wacha ipoe kidogo."

"Ipoe saa ngapi? Wakaguzi hao wanakuja!"

Cyriaque alijua kwamba injini yenye joto haimwagiwi maji. Enzi zake Flaviana hakuruhusu beseni lisogee mpaka yeye mwenyewe apeleke kiganja karibu na injini, aseme, "Bado inahema. Tule kwanza." Lakini kufukuzwa kijiweni ni kukosa abiria. Akachota ndoo, akamwaga. Mvuke ukapanda, na chuma kikalia *ting*, kama sahani inayopasuka kabatini.

"Sasa hiyo ndiyo moto ya Kigali!" Mutsinzi alishangilia.

Alipokuwa akishuka kurudi Muhima, moshi wa bluu ukamfuata, nguvu zikaisha, injini ikanoki. Akaisukuma mpaka kwa fundi Usumani.

Usumani alifungua, akamulika tochi, akaguna.

"Silinda imepata ufa, Muzee. Pistoni nayo imekwaruzika. Chuma chenye joto kimetanuka. Ukikimwagia maji baridi ghafla, kinajikunja ovyo. Si ungekaa kivulini ipumue, matope ukayafuta na kitambaa?"

"Waulize wakubwa. Wao wanataka moto ing'ae tu. Ikifa, si yao."

"Kwani wakubwa ndio walishika ndoo?"

"Mdomo wao ulishika!"

Usumani akacheka. Cyriaque hakucheka. Aliwalaani wakubwa wa chama, akawalaani wa barabara, akafika mpaka kwa wale wa hospitali waliokuwa wakimwambia mkewe arudi kesho, na kesho tena, hadi kesho zikamwishia.

Usumani akaacha kucheka. "Silinda mpya lazima niagize. Itakaa hapa wiki, labda zaidi."

"Ifunge hivyo hivyo. Nitaenda pole pole."

"Muzee, hii haiwaki."

Nje motari walipita, kila mmoja na mtu wake mgongoni, wakipigiana kelele za soga katikati ya upepo. Cyriaque alikaa juu ya tairi kuukuu, kofia ya abiria mapajani, wala hakuonyesha dalili ya kuondoka. Usumani alikusanya spana zake, akavuta mlango nusu, kisha akamgeukia.

"Piga simu nyumbani basi, wakufuate," alisema kwa upole. "Kule una nani?"