Trizah na Barua ya Mbuzi

Natangaza rasmi, kwa wakazi wote wa mtaa wa Landless na wageni waalikwa, kwamba nimegundua njia ya kumfanya mtoto aongee. Niliigundua nikiwa nimelala kwenye kochi, nikimalizia uji wa mtoto mwenyewe.

Mtoto ni dadangu Trizah, miaka minne. Alikuwa na maneno matatu: mama, uji, hapana. Nasari moja ya Ruiru ilishamkataa mwaka jana kwa kunyamaza kwenye intavyuu. Angeruhusiwa kujaribu tena mara moja tu, na mama akapewa maagizo: asomewe kila siku, aulizwe maswali, angojewe ajibu, kisha jibu lake lirefushwe. Mama hushinda sokoni, hivyo kazi ikawa yangu. Nilikuwa nyumbani. Mama aliamini shule yetu ya bweni imefungwa kwa sababu ya mafua.

Kitabu cha bata kilitushinda siku ya kwanza. Trizah alikigeuzia mgongo. Nikachomoa maandishi mengine niliyokuwa nayo: barua ya mkuu wa shule iliyonirudisha nyumbani wiki mbili. Mama hakuwa ameiona. Nikamsomea Trizah yote.

"Mbuzi aliingizwa wapi?" nikauliza, nikangoja.

"Ofisi," akasema Trizah.

"Ndiyo! Ofisi ya naibu wa mkuu. Na alivaa nini?"

"Tai!"

Siku ya kumi, yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza mimi. Mbuzi alilia? Alishiba?

Siku ya intavyuu kule Ruiru, Mwalimu Ngina alimwonyesha picha ya ng'ombe. Kimya. Picha ya mpira. Kimya. Mama alishika mkoba kwa mikono miwili, midomo ikisali.

"Pole, mama," mwalimu akasema, akifunga faili. "Hatutaweza."

Macho ya mama yakajaa machozi. Mimi nililijua swali la kumfungua mdomo.

"Trizah, mbuzi aliingizwa wapi?"

"Ofisi ya naibu wa mkuu!" Akapanda juu ya kiti. "Alivaa tai nyekundu! Akakula karatasi za mtihani! Naibu akaruka dirisha! Gachau ndiye alimfunga tai. Gachau akafukuzwa wiki mbili. Mzazi aje!"

"Haiya!" Mwalimu Ngina akafungua faili tena. "Huyu amepita! Nani amemfundisha hadithi tamu hivi?"

Mama alikuwa ananitazama mimi.

"Mafua, Gachau?"

"Hakuna mafua, mama."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa jikoni mwa shule. Tai ni yangu. Ulikuwa ufike shuleni Jumatatu iliyopita. Yote aliyosema ni kweli, hata dirisha."