Kichwa Kilichokauka

Kila asubuhi, kabla sijagusa chai, natoa karatasi moja ya majaribio kwenye printa ya duka langu: mistari myeusi, ya buluu, myekundu na ya njano. Wateja wananiita Mama Wino na kunicheka, eti nailisha mashine kifungua kinywa. Wacheke. Wino wa maji usipotumika hukauka kwenye matundu ya kichwa cha printa, na matundu yenyewe huwezi hata kuyaona kwa macho.

Mwezi huu niliugua homa. Chumba changu kiko nyuma ya duka, nikalala humo mpaka nikapoteza hesabu ya siku. Mlango ulifungwa, na hakuna aliyebisha hodi. Nilipoweza kusimama nilikwenda kwenye printa kabla ya kwenda jikoni. Magurudumu ya mpira yakavuta karatasi, mkanda ukakipeleka kichwa kushoto na kulia kama kawaida, karatasi ikatoka nyeupe pe. Nikakaa nikalia, wala sioni haya kusema.

Mwanangu hupiga simu kila Jumapili. Yeye ndiye aliyeninunulia printa, na huanza kwa kuuliza mashine inaendeleaje. Mimi humweleza mgongo, macho, usingizi, naye huitikia "mhh". Safari hii nikajiapiza sitaitaja homa mpaka aulize mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa mzazi sijui anaujua nani.

Nikamwambia printa imekauka. Akachangamka. Akanielekeza nitoe katriji za wino, nikilaze kichwa juu ya kitambaa chenye maji ya vuguvugu, nisikwaruze. Akanionya nisilazimishe kuchapa, maana kila tundu lina moto wake mdogo wa kuchemsha wino, povu ndilo linalosukuma tone, na pasipo wino kichwa kitaungua. Alisema kwa upole ambao sijausikia kwake tangu akiwa mdogo. Nilishika simu kwa mikono miwili.

Kisha akasita. "Lakini mama, haikauki ghafla hivyo. Lazima ilikaa siku nyingi bila kuguswa."

"Ilikaa," nikasema. Nikangoja aulize kwa nini.

"Kwani ulisafiri?"

Sikuwa nimevuka hata kizingiti. "Ndiyo," nikamjibu.

"Basi siku nyingine mwachie mtu ufunguo, awe anaiwasha."

Nikamwambia sawa mwanangu, nitatafuta wa kumwachia.