Aya Mgongoni mwa Hosiana

Jumamosi saa nane mchana, Vumilia alimkalisha binti yake Hosiana kwenye kigoda nyuma ya chumba chao, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa njia ya kwenda Oldeani, akamfungua vifungo vya gauni mgongoni. Karai lilikuwa na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mtoto alikuwa amerudi kutoka darasa la kipaimara amechapwa fimbo nne. Vumilia alikamua kitambaa, akaanza kukanda kutoka juu, na alipofika begani aliona kwamba alama zile zilikuwa ni maandishi.

Kila fimbo ilikuwa mstari mmoja. Herufi zilikuwa zimevimba, nyekundu, zimepangika kama za kitabuni. Vumilia alimaliza darasa la saba kule Singida na kusoma anajua, akasoma mstari wa kwanza hadi wa nne. Ilikuwa ile aya ya Mithali inayomwambia mzazi asimnyime mtoto mapigo, kwa kuwa hatakufa kwa kuchapwa. Koma ilikuwa mahali pake. Aya iliyofuata ilianza kwa neno moja, ikakatika, kwa sababu fimbo zilikuwa zimekwisha.

Vumilia hakushangaa. Alichukia. Alichukia mwandiko wenyewe, jinsi ulivyokuwa mzuri, na akachukia mikono yake, maana fimbo ile aliikata yeye.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Mwinjilisti Elimringi: kila mtoto wa kipaimara aje na fimbo yake. Anayeshindwa kukariri aya anachapwa kwa fimbo aliyoileta, na anayeleta kijiti chembamba anachapwa mara mbili, mara ya kwanza kwa aya, mara ya pili kwa ujanja. Kwa hiyo wazazi huwakatia wenyewe. Vumilia kazi yake shambani ni kupogolea mibuni, na kila Ijumaa alikuwa akichagua chipukizi moja lililonyooka, anaondoa majani, analainisha vifundo kwa kisu ili visimchane mtoto. Alidhani anamsaidia. Kumbe alikuwa akijipalia makaa.

Elimringi mwenyewe si mtu wa makelele. Ni mtu wa Machame, mpole, huvua koti kabla ya kuchapa na kulivaa tena akimaliza. Aliwaeleza wazazi mapema kwamba Torati inaruhusu fimbo arobaini, na kwamba wazee wa Wayahudi walipunguza moja wasije wakakosea kuhesabu na kuvunja sheria. "Nami nafuata njia hiyohiyo ya huruma," alisema. "Natoa tano kasoro moja." Angalia huruma hiyo, inayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Jioni ile Vumilia alimpeleka mtoto kwa nesi Domitila, anayekaa jirani na zahanati. Domitila alisoma mgongo, akaguna, akapaka dawa ya zambarau. Dawa ilikolea kwenye herufi, na sasa aya iliweza kusomeka kutoka mlangoni.

"Hii mpeleke kwa wazee wa kanisa," alisema Domitila. "Wakiona kwa macho yao, mtu atafukuzwa kazi."

Jumapili, kabla ya ibada, Vumilia alimwingiza Hosiana katika chumba cha wazee. Alifungua vifungo vitatu, akasema, "Bwana asifiwe, wazee wangu. Nimekuja kushtaki. Tazameni mwinjilisti wenu alichomfanyia mwanangu."

Mzee Clemensi, mwenyekiti wao, alivaa miwani. Alifungua Biblia, akaweka kidole kimoja kwenye karatasi na macho mgongoni, akalinganisha neno kwa neno. Nje gari za watalii zilikuwa zikipandisha kuelekea geti la Ngorongoro, na vumbi jekundu lilikuwa likiingia dirishani.

"Hakuna kosa," alisema Mzee Clemensi. "Hata nukta."

Wazee wakasema amina. Mmoja alitokwa na machozi, akamshika Vumilia mkono na kumpa hongera. Somo la siku ile halikusomwa mimbarani. Hosiana alisimamishwa mbele, uso ukielekea ukutani, na Mzee Clemensi alisoma kutoka mgongoni mwake kwa sauti ya taratibu. Usharika ulisimama kwa heshima. Hakuna aliyeuliza mtoto yule alikuwa amekosa nini. Alikuwa amesahau maneno mawili ya zaburi.

Baada ya ibada, Modest, anayeendesha watalii, aliuliza kama wageni wake wangeruhusiwa kupiga picha. Wazee walikasirika sana. Walisema mwili wa mtoto si kitu cha kuchezea.

Njiani kurudi kambini Hosiana alitangulia. Walipofika kwenye mfereji wa shamba aliuliza, "Mama, wote wamesoma. Mimi niliziba masikio, sijui. Kimeandikwa nini?"

Mtu anawezaje kumsomea mwanawe kitu kama kile? Vumilia akasema la kwanza lililomjia.

"Kimeandikwa hivi: Mtoto huyu ni mgeni wangu, atakayemgusa na anawe mikono kwanza."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Hosiana alirudia mara tatu huku akiruka mfereji. Mtoto huyu ambaye zaburi zilikuwa hazimkai kichwani, aya hii ilimkaa palepale, kwa sababu aliamini ni ya kwake.

Jumatano wazee walituma ujumbe: kwa kuwa aya ya pili ilikatikia njiani, usharika unaomba mwendelezo. Vumilia hakwenda kazini. Alikuwa ametumia siku mbili za mapumziko ya mchana kusoma Torati chini ya mibuni, na sasa alikwenda moja kwa moja kwa Elimringi, akamkuta na Mzee Clemensi wakinywa chai.

"Mwinjilisti, ile sheria ya arobaini nimeisoma," alisema. "Pale panasema kesi isikilizwe kwanza. Panasema hakimu awepo, atazame. Halafu panatoa sababu ya kuweka kikomo: ndugu yako asije akadharaulika machoni pako. Kesi ya mwanangu ilisikilizwa wapi? Na hiyo dharau, mlitaka izidi ipi?"

Elimringi alifikiri. Ni mtu wa haki katika mabishano.

"Pale panasema ndugu, Mama Hosiana," alijibu. "Hapasemi mtoto."

"Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe," aliongeza Mzee Clemensi.

"Kuku wangu, manati ya nini?" alisema Vumilia. "Hatakuja na fimbo tena."

Na kweli Jumamosi Hosiana alikwenda mikono mitupu. Alitaka mwenyewe kwenda. Alimwambia mama yake kwamba safari hii anayo aya, na hakuna wa kumchapa. Vumilia alikuwa zamu shambani. Alimruhusu, na hilo hajajisamehe.

Elimringi alimsimamisha wa kwanza, akamwomba aikariri aya iliyoheshimiwa na usharika mzima. Hosiana alinyoosha mgongo, akasema bila kukwama: "Mtoto huyu ni mgeni wangu, atakayemgusa na anawe mikono kwanza."

Elimringi alimwuliza mara mbili, kwa upole. Mara zote mbili jibu lilikuwa hilohilo. Basi akavua koti, na kwa kuwa mtoto hakuleta fimbo, aliazima ya mwenzake, Joel.

Nne. Tano kasoro moja.

Mchana Vumilia alifungua vifungo akitegemea kuona mwendelezo. Maandishi ya wiki iliyopita yalikuwa yamefifia. Juu yake, kwa herufi pana zaidi, mistari minne, ilikuwa imeandikwa kwamba mtoto huyu ni mgeni wangu, na atakayemgusa na anawe mikono kwanza. Vumilia alikaa chini pale pale penye matope ya maji ya chumvi, akalia kwa hasira.

Jumapili asubuhi alimpeleka mtoto kwa wazee. Hakuwaambia maneno yale yalitoka wapi. Alitaka tu wayasome. Wakasoma. Wakagawana Biblia, huyu Torati, huyu manabii, huyu nyaraka, wakatafuta hadi kengele ya pili, na kusema kweli walitafuta vizuri. Mzee Clemensi alivua miwani.

"Hii haimo," alisema. "Fimbo imekosea."

"Au nyinyi ndio mmekosea," alisema Vumilia.

"Mama Hosiana, kosa la maandishi linafutwa kwa kuandika upya juu yake." Akamgeukia Elimringi aliyekaa kando, na Elimringi akaanza kuvua koti.

Vumilia alimfunika binti yake kwa kitenge na kutoka naye. Hakuna aliyewafuata. Kanisani walimfuta Hosiana kwenye orodha ya kipaimara na kuandika kwamba amehama, ingawa kambi iko umbali wa kusikia kengele.

Makovu yake hayakufutika. Huyasoma kwa vioo viwili, na Domitila, kila anapokuja kumtazama, hunawa kwanza.

Wiki tatu baadaye, Jumapili asubuhi, Vumilia alikuwa akipita na mzigo wa majani ya mbuzi, akasikia sauti ya Mzee Clemensi, akachungulia dirishani. Aya ya pili ilikuwa imekamilika, na ya tatu ilikuwa imeanza. Joel alikuwa amesimama mbele, uso ukielekea ukutani. Mama yake alikuwa amemshikia shati juu kwa mikono miwili, naye alikuwa akitabasamu kwa aibu, kama mtu anayesifiwa hadharani.

"Nyanyua kidogo, mama," alisema Mzee Clemensi, "mwanga ufike."

Mama Joel akanyanyua. Mzee Clemensi alipomaliza kusoma alifunga miwani yake, akautangazia usharika kwamba mtoto huyu Mungu amemjalia mgongo mpana, na ukitumiwa vizuri utawafikisha hadi Krismasi.