Inchi Tatu Juu ya Kichwa cha Bosi

Mzigo wangu huniambia pole ninapoubeba. Ni nini hicho?

Binti yule alikitunga kitendawili hiki mwenyewe, na jibu lake lilikuwa yeye. Kila asubuhi mama yake aliinama, akampitishia mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine mgongoni, akavuta pumzi, akamtoa kwenye kiti cha magurudumu na kumtia kwenye kiti cha mbele cha gari lao dogo. Hapo binti alimnong'oneza sikioni, "Pole, mama." Wakifika shuleni, kumtoa: "Pole, mama." Mchana wakati wa kurudi, mara mbili nyingine. Siku moja pole nne, na juma lina siku tano za shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Miguu yake haikuwahi kumsimamisha hata siku moja, lakini mdomo wake ulisimama imara, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Bosi.

Mama alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, moja yake, nyingine ya shoga yake aliyeshirikiana naye bili ya umeme na umbea. Walishona sare za shule, mashuka, mapazia, na kurekebisha suruali za watu walionenepa wakakataa kukubali. Mgongo uliokuwa ukiinamia cherehani mchana kutwa ndio huo huo uliomwinua Bosi. Mwezi uliopita uligoma. Aliinama kuokota kifungo, akabaki pale pale kama bawaba iliyoshika kutu, mpaka mumewe alipokuja kumnyoosha polepole. Daktari alitazama picha ya mifupa, akamtazama na yeye, akasema bila kuzungukazunguka, "Mama, ukiendelea kumwinua mtoto huyu, mtakuwa wawili kwenye viti."

Ndipo ikazuka habari ya shule ya bweni. Ilikuwepo moja, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, yenye watoto wa hali ya Bosi na wauguzi wa kuwahudumia. Waliwashikia nafasi hadi Jumatatu. Bosi alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu, "Huko nani atanikuna mgongo kwa rula?" Halafu akageuza kiti chake, akautazama ukuta. Tangu siku hiyo hakutega kitendawili tena, na kimya chake kilimchosha mama kuliko rundo la sare.

Njia nyingine ilikuwa moja tu: kupata gari ambalo Bosi angeingia akiwa amekaa kwenye kiti chake, apandishwe kwa ubao, afungwe mikanda, basi. Gari la familia, lile la viti saba lenye mlango wa ubavuni wa kuteleza. Unatoa viti vya katikati, unapata sebule.

"Lipo," mume akasema jioni moja, akatandaza karatasi za picha mezani juu ya makombo. Alikuwa dereva wa kusambaza mikate, anatoka alfajiri na kurudi jioni, na nguo zake zilinukia oveni siku zote, hata Jumapili. "Gari ni lile lile, jina lile lile, lakini matoleo matatu. Hili la kwanza ndilo babu yao. Kisanduku tupu, kama kabati limewekwa matairi. La pili wamelizungusha zungusha pembe. La tatu ndilo hili, jipya kabisa, halijakaliwa na mtu. Unabonyeza ufunguo ukiwa huko jikoni, mlango unajifungua."

"Nikiwa jikoni nalifungulia nini?"

"Mama Bosi, nafafanua tu."

"Na paa mbona limelala hivi?"

"Ndiyo mtindo. Linakata upepo." Akaikunja sura. "Sikia. Mimi kutwa nzima nashinda na gari bovu la kazini. Najua magari yaliyotumika yanavyokula watu. Leo pampu ya maji, kesho klachi. Jumamosi zangu zimeisha nikiwa chali chini ya vyuma. Nataka kitu kipya, mara moja tu maishani, kitu kisichokuwa na maneno."

Mama hakubisha. Nguvu ya kubisha nayo inahitaji mgongo. Alisema jambo moja tu: kabla ya yote, mlango upimwe. Alimpima Bosi mwenyewe akiwa kwenye kiti, kutoka sakafuni hadi utosini, akapata inchi arobaini na tisa. Kumpeleka Bosi yadi ya magari akajaribu kulikuwa na maana ya kuinuliwa mara nne zaidi, na juma lile mgongo ulikuwa umeshajaza kibaba chake. Kwa hiyo mume angepita yadi peke yake akitoka kazini, apime mlango, alete namba.

Alhamisi asubuhi mume alichungulia chumba cha cherehani. Mama alikuwa ameshika pini sita kwa midomo, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Nachukua tepu," mume akasema, na kwa kuwa ile ya shingoni ilikuwa kazini, akachukua ile iliyotundikwa kwenye msumari. Mama akaitikia "Mm." Mtu mwenye pini sita mdomoni atajibu nini kingine?

Jioni alirudi anacheka. "Hamsini! Hamsini kamili, kutoka sakafu ya gari mpaka juu ya mlango. Bosi anaingia na inchi moja inabaki ya kupigia saluti." Tena hakuja na namba peke yake. Alikuwa ameacha na amana, gari lishikwe. Jumamosi wangekwenda kulichukua.

Bosi akageuka kutoka ukutani. "Nitakaa dirishani?"

"Utakaa katikati kama rais," baba yake akamwambia.

Jumamosi mama alimwinua Bosi mwenyewe, bila kumwachia mumewe, akamtia kwenye gari dogo, akiamini moyoni kwamba hii ni moja ya zile za mwisho, na yadini akamtoa tena. "Pole, mama," Bosi akasema, mara hii kwa sauti ya furaha.

Yadi ilikuwa uwanja wa kokoto uliozungushiwa seng'enge, magari yamepangwa mistari, kila moja na karatasi kiooni. Muuzaji alikuwa kijana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na wenzake walimwita Ofa, kwa sababu hakumaliza sentensi bila neno hilo. Alibonyeza ufunguo. Mlango wa gari jipya ukateleza polepole, bila kelele, kama unafunguliwa na jini mwenye adabu. Ndani kulinukia plastiki na viti visivyowahi kumwagiwa uji.

"Mambo hayo," Ofa akasema. "Na ubao wa kupandishia nawapa bure, ofa."

Wakaweka ubao. Mume akashika mikono ya kiti, akasukuma. Magurudumu ya mbele yakapanda, ya nyuma yakafuata, na Bosi akaanza kupunga mkono kama anayepita mbele ya umati. Kisha kikasikika kishindo kidogo. Paji la uso wake lilikuwa limekutana na ukingo wa juu wa mlango.

"Rudi, baba," Bosi akasema taratibu. "Gari linanibusu."

Wakarudi. Wakasogeza ubao, wakajaribu tena kwa pembe nyingine. Paji la uso tena.

"Haiwezekani," mume akasema. "Nimepima. Hamsini!"

"Ainame kidogo tu," Ofa akashauri. "Kichwa kikishapita, ndani kuna nafasi ya kutosha."

Bosi alijaribu. Mgongo wake ulikuwa umefungwa vyuma viwili tangu afanyiwe upasuaji, na haukukunjika zaidi ya alipofika. Alikaza meno, jasho likamtoka juu ya mdomo, akajikunja mpaka shingo ikatetemeka. "Naweza," akasema. "Mama, naweza. Kila siku nitafanya hivi. Haiumi."

Mama alimwangalia mwanawe akisema uongo ule, akakishika kiti. "Acha," akasema. "Acha, mama yangu. Hutaingia garini kama mwizi."

Kisha akamgeukia mumewe. "Hebu hiyo tepu."

Mume akaitoa mfukoni. Mama hakuhitaji hata kuikunjua. Aliishika ncha, akamwonyesha. Ilianzia kwenye namba nne. Kichwa chake kilikuwa kimeunguzwa na pasi miaka miwili nyuma, wakakikata kwa mkasi, na kwa kuwa tepu nzuri ni adimu, yeye na shoga yake waliendelea kuitumia. Kila walichopima walitoa nne, kwa mazoea, bila hata kufikiri, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu ya nyumbani kwake. Kwa kuwa kila aliyeishika alikuwa anajua, hakuna aliyewahi kumwambia mtu.

"Hamsini yako ni arobaini na sita," mama akasema. "Amepungukiwa inchi tatu."

Mume aliitazama ile ncha. "Kwa hiyo miaka miwili mnawapimia watu kwa tepu isiyo na kichwa?"

"Na nguo zinawakaa."

"Ungeniambia, basi!"

"Nilikuwa na pini mdomoni. Na wewe ungeuliza mbona ni fupi."

"Tepu inaulizwa mbona fupi?"

Bosi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu habari ya bweni, lakini hakikuwa kicheko kirefu. Kilikatika, akatazama kokoto. "Basi ni Jumatatu," akasema. "Niwekeeni na ile rula kwenye sanduku."

Mume alijaribu kuuliza kuhusu toleo la pili, Ofa akawaongoza. Wakapima, mara hii kwa tepu nzima ya shingoni mwa mama. Arobaini na tisa na nusu. Ofa akapiga makofi. Mama akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto anakua," akasema. "Mwaka jana sketi yake nilishusha pindo mara mbili. Nusu inchi ataimaliza kabla mvua hazijaanza."

Mwisho kabisa wa yadi, karibu na choo, lilikuwepo toleo la kwanza. Kisanduku, kama mume alivyosema. Rangi ilikuwa imefifia upande wa jua, na kwenye sakafu palikuwa na alama ya kreti, maana lilishawahi kubeba soda. Mlango wake haukujifungua. Mume aliuvuta kwa mikono miwili, ukalia kama mbuzi. Mama akapima. Akapima tena.

"Hamsini na mbili."

Sakafu yake ilikuwa chini kuliko ya yale mengine yote. Hata bila kuambiwa, Bosi alishaanza kujizungusha magurudumu. Akapanda, akapita, akafika katikati, akageuka kuwatazama, na juu ya kichwa chake kukabaki hewa.

"Lina umri gani?" akauliza.

"Miaka kumi na minane," Ofa akasema, safari hii bila ofa.

"Shikamoo, gari," Bosi akasema.

Lakini mume alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Aliwasha injini, akazunguka nyuma kuutazama moshi, akasikiliza huku amefumba macho. Alipozima, alimvuta mkewe pembeni.

"Injini inapumua. Lakini mama, mimi najua magari haya. Litatudai kila juma. Na siku likikwama asubuhi, mtoto yumo ndani na kiti chake, nani atambeba? Si wewe? Nimechoka kutengeneza vitu, haki ya Mungu. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka."

"Hata gari limechoka," Bosi akadakia kutoka ndani. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. "Tutaelewana."

Mama hakucheka. Alijiegemeza ubavuni mwa lile kisanduku, bati lilikuwa la moto, na joto likamwingia kiunoni kama dawa. "Siku likikwama," akasema polepole, "atakosa shule siku hiyo. Ataboreka, atatuudhi, atatupigia kelele. Akienda bweni, tutamkosa nyumbani siku zote. Wewe chagua unachoweza kukibeba. Mimi changu nimeshakijua."

Mume akatazama gari jipya kule mbele. Mlango wake ulikuwa bado wazi, hakuna aliyekumbuka kuufunga. Alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni anayeaga. Kisha akamwita Ofa, akamwambia amana ihamie hapa, matairi mawili ya mbele yabadilishwe na ule mlango utiwe grisi leo leo, la sivyo asahau. Ofa akasema hayo ni mazungumzo. Wakaelekea ofisini wakizungumza.

Mama akakaa kwenye ubao wa kupandishia, akatoa simu, akampigia matroni wa bweni.

"Nilitaka kusema ile nafasi mmpe mtoto mwingine."

"Mmepata usafiri?" matroni akauliza. "Wa uhakika?"

Mama akageuza shingo. Bosi alikuwa anajaribu mikanda, anaifunga na kuifungua.

"Wa uhakika, hapana," akasema. "Lakini anaingia."

Matroni akasema watoto wanaongoja ni wengi, kwamba nafasi ikitoka haitarudi mwaka huu, alikuwa anataka tu asikie mara ya pili.

"Mpe mwingine," mama akasema mara ya pili, na simu ikakatika.

Ofa alirudi na karatasi, akamkuta palepale. Alitaka kuukunja ubao, yadi ilikuwa inafungwa saa saba. "Mama, samahani, naomba nikusumbue uinuke."

"Ningoje kidogo, mwanangu," akasema, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake kwenye kokoto. "Ndiyo kwanza nimekaa."