Uzito wa Kiti cha Nyuma

Mimi magari siyajui, lakini mtu aliyenunua kitu kwa papara namjua hata kwa mbali. Asubuhi ya harusi ya Hamisa, kaka yake Rama alikuja kunivuta kutoka kwenye masufuria, mikono yangu inanuka vitunguu, akanipeleka uani nyuma ya gari lake, Altezza nyeupe.

"Shangazi, cheki hizo. Mpya kabisa. Nywele bado zimo."

Kweli zilikuwemo, vile vinyuzi vya mpira vinavyochomoza kwenye tairi ambayo haijatembea. Alikuwa amezipaka dawa mpaka zinang'aa. Alibadilisha mbili za nyuma tu. Za mbele aliziacha zilezile za mtumba kutoka Japani, ila nazo alizipaka dawa zifanane na zile mpya.

"Kwa nini hukubadilisha zote?"

"Shangazi naye! Gari hii inakula tairi za nyuma. Na video inapigwa sana nyuma, kwenye maua. Watu wa huko Vihingo anakoolewa wakiona kipara pale watasema Hamisa hana kwao."

Hapo alinigusa. Marehemu kaka yangu, baba yao, alipokuwa kitandani, Rama alimwahidi mbele yangu kwamba siku ya Hamisa kuolewa atamfikisha kwa mumewe yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kwetu bwana harusi akishafunga ndoa hutangulia nyumbani kwake kusubiri, na bibi harusi hupelekwa na watu wake. Akishapanda gari hashuki njiani. Mguu wake haugusi ardhi mpaka ukanyage mkeka wa mume. Ndivyo nilivyopelekwa mimi, ndivyo alivyopelekwa mama yangu.

Yunis, jirani yetu mwenye Voxy ya kukodisha, ndiye tuliyemwomba abebe wasindikizaji. Alipita pale na kikombe cha chai, akainama, akabonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba. Akaenda mbele akabonyeza ya zamani. Akarudi nyuma.

"Rama, hizi ngumu kama beseni. Halafu umezijaza upepo kupita kiasi."

"Fundi kasema leo inabeba watu, lazima ijae."

"Gari yako inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma ndiko ulikoweka mpira usioshika. Kwenye kona mbele itageuka, nyuma itaendelea na safari yake. Na mvua yenyewe ndiyo hiyo."

Wingu lilikuwa limetanda kuelekea Ruvu. Rama alicheka, akampigapiga begani. "Dada Yunis, wewe angalia Voxy yako. Hii ni chuma."

Nilipaswa kumsikiliza Yunis. Nilirudi kwenye pilau.

Tulitoka kwetu Picha ya Ndege baada ya adhuhuri, manyunyu yameanza. Mjomba Mwinyimadi, msemaji wetu, alikaa mbele na kofia yake mpya. Mimi nilikaa nyuma, na Hamisa karibu nami upande wa kushoto, shela limejaa kiti kizima. Mbele yetu alikuwepo mpiga picha, amepanda bodaboda kinyumenyume, anatutazama sisi badala ya njia, kamera mkononi. Voxy ilifuata nyuma na vigelegele vyake.

Rama alikuwa anaendesha kwa ajili ya kamera. Alikuwa akilingurumisha gari, anapunguza, analingurumisha tena. Kwenye kona moja ya barabara ya Morogoro aliona lori limemkalia mbele, akakanyaga mafuta ili alipite. Nilisikia kiti changu kinaondoka. Sijui niseme vipi: pua ya gari ilikuwa inakwenda Mlandizi na sisi wa nyuma tunakwenda mtaroni. Rama akazungusha usukani kinyume, mkia ukarudi kwa kishindo, ukapitiliza upande wa pili, ndipo ukatulia. Mpiga picha alikuwa ameshafumba macho.

Hamisa alinishika mkono kwa kucha zote. Hina yake ilikuwa haijapoteza hata harufu.

"Imeteleza kidogo tu," alisema Rama. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Rama, simamisha. Hamisa ahamie kwa Yunis."

Mjomba Mwinyimadi aligeuka kama mtu niliyemtukana. "Ashuke barabarani? Zena, wewe ndiye shangazi mtu, leo unasema hivyo? Bibi harusi hashuki."

"Shangazi, nimemwahidi baba," alisema Rama. Alisema bila mbwembwe, na hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Mlandizi tuliacha lami. Mvua ikawa mvua kweli. Njia ya kwenda Vihingo siku ya jua ni vumbi jekundu la kawaida, lakini ikilowa inakuwa sabuni. Rama aliacha kulingurumisha gari. Aliacha hata kuzungumza. Kila alipogusa mafuta, nyuma ilijisokota. Kila alipogusa breki kwenye mteremko, ilitaka kutangulia mbele. Mbele palishika vizuri, hata mimi niliweza kuhisi. Ni sisi tuliokaa juu ya tairi za nywele ndio tuliokuwa tunaning'inia. Nilimtazama mtoto huyu wa kaka yangu kwenye kioo, jasho linamtiririka na nje kuna baridi, nikaogopa.

Hamisa alikuwa anasoma dua kwa midomo tu.

Vihingo tulianza kuiona ng'ambo ya korongo. Nyumba ya Maulidi, bwana harusi, iko juu kidogo ya kilima, na turubai la bluu lilionekana, na ngoma zilisikika. Kilichobaki kati yetu na wao kilikuwa mteremko wenye kona, daraja jembamba lisilo na kingo isipokuwa vinguzo vifupi vya zege, na kupanda upande wa pili. Chini maji yalikuwa yanakwenda Ruvu kwa haraka, yamebeba majani na matope.

Rama alisimama juu ya mteremko. Mpiga picha alikuwa ameshavuka na bodaboda yake, ameweka kamera begani anatusubiri. Yunis alishuka kwenye Voxy akaja akipiga chafya, kanga kichwani, akagonga kioo.

"Rama, tafadhali. Shusha watu."

"Siwezi kushusha watu!" Alipiga usukani. "Hamwelewi. Nikishusha watu nyuma inakuwa nyepesi, tairi hazishiki kabisa. Hawa wa nyuma ndio uzito wangu. Bila wao gari halipandi kile kilima."

Sikuamini masikio yangu. Niliyarudia maneno yale kichwani, na hasira iliyonipanda sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Uzito wako? Rama! Dada yako wa tumbo moja umemfanya gunia la mchanga?"

"Shangazi, sina maana hiyo."

"Una maana gani nyingine? Mtoto kavishwa, kapambwa, kafundwa, ili aje kukalia tairi zako zisiruke?"

Mjomba Mwinyimadi alianza tena habari ya bibi harusi hashuki. Hamisa akasema, kwa sauti ndogo, "Nitakaa, shangazi. Kaka akisema nikae, nitakaa."

Hicho ndicho kilichonimaliza. Angekaa kweli. Angekaa palepale na shela lake mpaka chini ya maji, kwa sababu kaka yake aliahidi na mjomba wake kasema na mimi mwenyewe wiki nzima nilimfunda kwamba mguu wake haugusi ardhi.

Nilifungua mlango wangu, nikaingia matopeni, nikazunguka upande wake. Nilivua viatu. Nilijifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kutwanga.

"Panda mgongoni."

"Shangazi, mgongo wako..."

"Panda! Mwali wa Kizaramo alibebwa kabla magari hayajazaliwa. Mguu haugusi ardhi, sawa, hautagusa. Mjomba, una la kusema?"

Nilipoangalia, mjomba mwenyewe alikuwa ameshashuka kitambo, amesimama pembeni ya Yunis, kofia ameiweka kwapani isilowe.

Hamisa si mwepesi, namshukuru Mungu, tumemlisha vizuri. Nilishuka ule mteremko kwa visigino. Darajani zege lilikuwa limefunikwa na ute wa matope, na maji yalikuwa yanapiga kelele chini ya nyayo zangu. Sikutazama pembeni. Mikono yake ilikuwa imenikaba shingo na pumzi yake ilikuwa moto sikioni mwangu, na mimi nilikuwa nasema, "Tumefika, tumefika," na hatujafika. Katikati mguu wangu mmoja uliteleza. Nikabaki nimesimama, napumua, mpaka miguu iliponirudia. Tukavuka. Mjomba na Yunis wakafuata nyuma, na wasindikizaji waliobaki wakashikana mikono wakavuka mmoja mmoja.

Nilimgeukia Rama, nikapunga mkono: acha gari, njoo kwa miguu.

Nadhani aliona. Lakini ng'ambo ngoma zilikuwa zinalia, na kamera ilikuwa imemwelekea, na Altezza ilikuwa imepambwa kwa maua ya pinki kuanzia boneti. Ahadi yake ilikuwa ya kumfikisha Hamisa, na kichwani mwake Hamisa na gari walikuwa kitu kimoja. Taa zikawaka. Gari likaanza kushuka.

Alishuka vizuri. Niseme haki, alishuka polepole na kwa akili, mpaka kwenye kona. Hapo ilimbidi aguse breki kidogo. Mbele ikageuka kuelekea darajani. Nyuma, nyepesi, haina mtu, ikaendelea na safari yake kama Yunis alivyosema asubuhi na kikombe cha chai mkononi. Gari likaingia darajani kwa ubavu. Nilisikia Rama akikanyaga mafuta kujaribu kulinyoosha, na tairi zikazunguka kwa kelele kali bila kushika chochote, na ubavu wa kushoto wa nyuma ukakipiga kile kinguzo cha zege.

Ngoma kule juu hazikusikia. Ziliendelea.

Gari lilisimama limekingama, limeziba daraja zima, gurudumu moja la nyuma hewani juu ya maji. Lilikuwa bado linazunguka, jeusi, linang'aa. Rama akatoka kwa mlango wake, ametambaa, suti imechanika begani. Hakuwa ameumia. Alizunguka kwa kushika boneti akaenda kutazama upande wa kushoto.

Sote tuliuona kutoka tuliposimama. Mlango wa nyuma ulikuwa umeingia ndani mpaka katikati ya kiti. Vipande vya vioo vilikuwa vimejaa pale. Shada la maua la Hamisa, alilolisahau nilipomharakisha, lilikuwa limebanwa kati ya chuma na kiti, na kilichoonekana ni utepe tu.

Rama alilitazama muda mrefu. Kisha akaja kwetu, akakaa chini kwenye matope, suti na kila kitu, akalia kwa sauti kama siku ya msiba wa baba yake.

Nilikuwa nimeshaandaa kofi. Nilikuwa nimeliandaa tangu Morogoro Road. Nilimfikia, nikainua mkono, na mkono ukaishia kichwani kwake, ukabaki pale. Nilikuwa nampenda na nilikuwa nataka kumkaba, vyote kwa pamoja.

Kumbuka Hamisa alikuwa bado yuko mgongoni kwangu. Sikumshusha.

"Kaka," aliita.

Rama hakuinua uso.

"Kaka, si ulisema utanipeleka wewe mwenyewe?"

"Kwa gari gani, Hamisa? Na Voxy haiwezi kupita."

"Sijakuuliza gari."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha aliinuka, akajifuta uso kwa mkono wa matope akajichafua zaidi, akageuka akampa dada yake mgongo. Mimi na Yunis tulimhamisha Hamisa kutoka kwangu kwenda kwake, tukashika miguu yake isiguse chini, shela likaburuzika tukalikusanya. Rama akayumba mara moja. Akajiweka sawa, akaanza kupanda.

Kile kilima alikuwa amekitaka kwa mlio na mafuta na kamera. Alikipanda kwa kuinama, anahema, anatafuta pa kukanyaga kabla ya kukanyaga. Nilikuwa karibu yao. Nilimsikia akimwambia dada yake, "Nisamehe," na baada ya hatua chache, "Nisamehe," tena. Hamisa alikuwa ameweka shavu kwenye bega lake lililochanika. Mpiga picha aliinua kamera, akamtazama Rama, akaishusha mwenyewe bila kuambiwa.

Kule juu vigelegele vilianza, halafu vikakatika walipotuona vizuri. Maulidi alikuja mbio na kanzu yake nyeupe. Mama yake alisimama mlangoni kwenye mkeka, anatazama njia nyuma yetu.

"Jamani, gari liko wapi?"

Mjomba Mwinyimadi alivaa kofia, akakohoa, akaanza maneno yake ya msemaji. Hamisa alimkatiza. "Shikamoo mama. Kanileta kaka."

"Marahaba mwanangu," alisema yule mama, na machozi yakamlengalenga, sijui aliona nini. Akapiga kigelegele peke yake, na wengine wakaitikia.

Rama alipiga magoti mbele ya mkeka, akamteremsha polepole, mguu mmoja, kisha wa pili. Miguu ya Hamisa ilikuwa safi, hina yote iko pale pale. Kazi ilikuwa imekwisha, na Maulidi alikuwa ameshanyoosha mkono kumpokea mkewe. Lakini Rama alikuwa bado ameushika mkono wa dada yake, na ilibidi mimi niende nikamwachishe kidole kimoja kimoja.