Hapa Hajaanguka Mtu

Kinyozi wa ghorofa ya kwanza, ile ya chini kabisa, alikuwa amemaliza shavu la kushoto la Mzee Bado, na sasa alipitisha mkono katikati ya nondo za dirisha kutafuta la kulia. Mzee alimgeuzia uso bila kuambiwa. Alikuwa nje, hewani, miguu ikielea juu ya barabara, taulo shingoni kama mteja mwingine yeyote. Kazi ilikuwa na adha yake kwa kuwa mteja mwenyewe alikuwa anashuka, lakini alishuka taratibu, kiasi cha unene wa kitana kwa siku, na kinyozi mzoefu hashindwi na hilo.

Mzee alikuwa fundi rangi wa jengo hilohilo. Aliteleza kutoka juu ya ghorofa ya sita wakati bintiye hajaota meno ya mbele. Asubuhi hiyo alikuwa ameomba nanga, kile chuma kinachozamishwa kwenye zege ili mtu wa juu afunge kamba yake. Akaambiwa, nanga ya nini wewe, jifunge kwenye bomba la maji, bomba si zima? Bomba liling'oka likaja naye, na mpaka leo kipande chake kilikuwa kinaning'inia kiunoni mwake. Akaanza kuanguka, na tangu hapo hakuacha.

Watu walijaribu kumshika. Mtu anayeanguka hashikiki kwa mikono ya asiyefungwa popote. Waliomshika waliteleza wakabaki na vifungo vya shati lake. Ghorofa ya nne walimfunga kwenye nondo za dirisha, na nondo zikang'oka zote, mwenye chumba akanuna mwaka mzima. Basi wakamzoea. Wapita njia waliinua macho wakauliza, "Vipi, ameanguka?" Wa madirishani wakajibu, "Bado." Jina likamganda, na yeye akaliitikia.

Mkewe alimletea chakula dirishani kila siku, akihama naye ghorofa kwa ghorofa. Binti alifanyia hapo kazi zake za shule, baba akimsahihisha hesabu kupitia nondo, na alipozembea alipigwa kikofi cha kichwa kutoka nje. Alipokua akasomea nanga. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alizitia kwenye minara, kwenye mapaa ya viwanda, kwenye kuta za mabwawa, na hakuna aliyening'inia kwenye nanga yake akafika chini. Mzee Bado alilihubiri hilo kwa kila mpangaji wa kila ghorofa. "Binti yangu huyo," alikuwa akisema, "akikufunga yeye, umefungwa."

Sasa ghorofa zilikuwa zimekwisha. Chini ya dirisha la kinyozi ulibaki ukuta kidogo, kisha lami. Mzee alikuwa anakula, anacheka, ananyolewa, lakini ghorofa zote sita zilikuwa bado ndani yake. Siku atakapogusa lami zingemfikia zote kwa pamoja, na kila mtu mtaani alijua hivyo. Mkewe alikuwa ameanza kumkatalia nyama za mafuta, eti asizidi uzito.

Binti alikwenda kwa meneja wa jengo. Zamani mama yake aliwahi kwenda kwenye ofisi hiyo, akajibiwa kwa upole kabisa, "Mama, sisi tunashughulika na mtu aliyeanguka. Huyu wako anaanguka. Hayo ni maneno mawili." Ukutani, nyuma ya kiti, kulikuwa na cheti kilichosema kwamba katika jengo hili hajaanguka mtu. Kwa sababu hiyo, juu ya paa hapakuwa na nanga hata moja. Za nini, na hajaanguka mtu?

"Nataka kutoboa ukuta," binti alisema. "Nanga moja ya baba hapo chini, na nyingine za paa. Kwa faida yako na yetu."

Meneja alikiangalia cheti chake. Alikuwa mtu wa kujivunia vitu, na hicho alikuwa akikifuta vumbi mwenyewe.

"Akifika chini itakuwaje?"

"Itakuwa ameanguka."

"Toboa tundu moja," alisema meneja haraka. "La baba yako. Paa niachie, paa halina shida."

"Paa ndilo lililoanza shida."

"Dada yangu, moja au hakuna."

Binti alikubali. Baba kwanza. Akachukua drili.

Alianza kwa kuugonga ukuta kwa nyundo ndogo, sikio limeegemea. Juu ya dirisha palijibu kwa sauti ya debe.

"Hapo ni matofali matupu, usijisumbue," Mzee Bado alisema kutoka nje. Alikuwa ameushuka ukuta ule uso kwa uso, hakuna aliyeujua kama yeye. "Panda mkono mmoja, kuna bimu. Zege lake nililiona likimwagwa, lile la kweli."

"Nimeshaisikia, baba."

"Najua umeisikia. Nasema tu kinyozi naye ajue."

Nanga ya kujipanua, ile inayobana kwa kusukuma tundu kutoka ndani, aliikataa. Bimu ilikuwa ya zamani na pembeni kabisa ingeweza kupasuka. Akachagua fimbo nene ya chuma cha pua, ya kuzamishwa kwa gundi ya zege. Na aliiweka juu ya kichwa cha baba, kamba fupi, kwa kuwa kamba ndefu ingemdaka baada ya lami kumdaka. Katikati ya kamba akatia kifuko cha kupunguza mshtuko, chenye nyuzi zilizoshonwa ili zikatike zenyewe. Kwa mtu wa kawaida kimoja kingetosha. Kwa ghorofa sita aliweka vikubwa viwili, akapiga hesabu upya, na hesabu ikakubali.

Alitoboa. Akalipuliza tundu, akalisugua kwa brashi, akapuliza tena, akasugua tena. Kinyozi, ambaye vumbi lilikuwa limemjaa kwenye sabuni, aliuliza kama anaosha tundu au analipeleka harusini.

"Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi," binti alisema. "Baba yangu hatafungwa kwenye vumbi."

Gundi ikatiwa, fimbo ikazungushwa taratibu mpaka mwisho, na wakaiacha ikauke mpaka kesho yake, mzee akizidi kushuka unene wa kitana. Kesho yake binti aliivuta nanga kwa jeki mpaka bimu ikalalamika. Nanga haikusogea. Akapitisha mkanda katikati ya nondo, ule wa mabegani na mapajani, na baba akauvaa hewani huku akilalamika kwamba amekuwa mtoto wa kuvalishwa. Binti akafunga kamba. Ndoano ikalia klik.

Wakangoja. Kamba ilinyooka jioni.

Ghorofa sita zilikuja zote. Jengo lilitikisika, kioo cha kinyozi kikapata ufa, vikombe vikatembea kwenye meza za wapangaji. Nyuzi za kifuko cha kwanza zilikatika zote, za cha pili zikakatika, zikakatika, kisha zikaacha. Mzee Bado alibembea mara chache akatulia. Hakushuka tena.

Alinyoosha shingo, akaitazama nanga kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alisema. "Imenyooka kama wewe."

Binti alilia waziwazi, drili mkononi, na wala hakujificha. "Huyu nimemzaa mimi!" mama yake aliwaambia watu wote barabarani, na walioambiwa mara ya kwanza akawaambia tena.

Asubuhi iliyofuata mama alikuja na viatu vya mumewe, kinyozi akaleta ngazi. Mzee alikuwa huru kushuka. Hakikubaki kitu ndani yake cha kuanguka. Mlangoni meneja alikuwa anasimamia upachikaji wa kibao kipya, maandishi ya dhahabu: HAPA HAJAANGUKA MTU. Safari hii kilikuwa kweli tupu, naye alimpongeza binti kwa mkono.

Mzee alikuwa ameshashika ngazi aliposikia mluzi. Akatazama juu. Ukingoni mwa paa alikuwepo fundi rangi mwingine, ndoo mkononi.

"Yule kajifunga wapi?" binti aliuliza.

"Kwenye bomba," alisema meneja. "Usihofu, ni jipya."

Mzee Bado aliisukuma ngazi taratibu. Akakanyaga ukuta kwa miguu, akabembea kidogo kulia, mpaka akawa chini ya yule wa juu.

"Nanga moja, mtu mmoja," binti alimwambia, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo sheria. Lakini hii uliichagulia ghorofa sita, na mimi zangu nimeshamaliza." Akatabasamu. "Vifuko tu ndivyo ubadilishe."

Binti akapiga hesabu kichwani. Hesabu ilikubali. Akaenda kuleta vifuko vipya. Mama aliviweka viatu dirishani kwa kinyozi, akasema chakula ataleta palepale.

Mpita njia mmoja aliinua macho, akauliza kwa mazoea, "Vipi, ameanguka?"

Mzee alikuwa ametanua mikono, macho juu.

"Bado," alisema.