Leso ya Manjano

Kanze alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na maneno yanayoanza kwa M ndiyo yaliyomkwamisha zaidi. Kwa hivyo kila alipokwenda dukani kwa Krupali, mjini Malindi, aliomba leso ya kijani, ingawa moyo wake ulipenda ya manjano.

Jumamosi moja alifika akitoka kazini kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, weupe wa chumvi ukiwa bado umemjaa machoni. Feni ilizunguka polepole, leso zilizotundikwa zikawa kama zinapumua, naye akajihisi yumo ndani ya usingizi mtamu.

“Kijani kama kawaida, dada?” Krupali aliuliza.

“La. Nataka ya m-m-m...”

Neno likagoma. Zamani angeinama na kusema kijani. Leo aliliacha lije kwa mwendo wake, wala Krupali hakumkamilishia.

“...m-manjano.”

“Kumbe! Miaka yote hii hukuniambia?”

“Niliona haya kukuchelewesha. Sasa hata kukiwa na m-m-mteja mwingine, atangoja.”

Wakacheka wote wawili. Kanze akajifunga leso palepale, akatoka juani akitembea kama anayeelea.